Mifuko ya Joto ya Mama Pindo

Mama yangu alikuwa fundi cherehani wa hospitali. Kama hukujua kwamba hospitali huwa na fundi cherehani, usione haya; hata waliolala katika mashuka yake hawakujua. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, chembamba, kina dirisha moja na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme ambayo hakuiamini kwa sababu ilikuwa na haraka. Humo alishona mashuka, magauni ya wagonjwa yale yanayofungwa mgongoni, mapazia ya wodini, na turubai za machela zikichanika. Kitu kimoja hakukiweza: kuona ukingo wa nguo umefumuka akaupita. Angekukuta koridoni na mgonjwa wako, angepiga magoti hapohapo akushonee pindo la gauni huku unamwambia asijisumbue. Wakamwita Mama Pindo, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini. Mimi mwanawe nikienda kumwulizia kwa jina lake halisi, walinikodolea macho kama nimekosea jengo.

Alikuwa na maneno mengi na ukaidi wa kutosha watu wawili, na huruma yake haikuwa na breki. Sisemi hivyo kumsifu. Watu wakimsifu mtu kwa huruma mimi siku hizi hunyamaza, kwa sababu najua huruma inaweza kufanya nini ikiachiwa ifanye itakavyo. Mwanangu angekuwa hai, pengine ningeyasimulia haya kwa kumcheka mama, maana alikuwa mtu wa kuchekwa na wa kucheka.

Mwisho wa jengo la wazazi kulikuwa na wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Watoto hao shida yao kubwa ni baridi. Hawana nyama ya kushika joto, na blanketi unalowafunika halina joto la kuwapa. Daktari mmoja wa wodi ile alikuwa amesikia habari za mfuko wa kulalia mtoto, wenye kifuko cha nta mgongoni; nta unaipasha katika maji moto hadi iyeyuke, nayo hukaa na joto kwa muda mrefu. Akamwomba mama ajaribu kushona. Mama alishona wa kwanza akaufumua, akashona wa pili akaufumua. Wa tatu ulikuwa na kofia, ulifunguka mbele ili muuguzi amhudumie mtoto bila kumtoa, na mshono wa mfuko wa nta uligeuziwa nje usimkwaruze mtoto. Akaja nao nyumbani kutuonyesha. Alikuwa akiishi nasi, mimi na mume wangu, katika vyumba vyetu viwili, na jioni ile hakutuacha tule kwa amani. Tulitakiwa tuushike, tuupindue, tuseme tumeona wapi mshono kama ule.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na haja moja tu duniani: kila mtoto wa wodi ile alale ndani ya mfuko wake. Hospitali haikumkatalia. Ilisema itengenezwe michache kwanza, ifanyiwe utafiti, na ikithibitika kwamba inaokoa watoto, itatengenezwa ya kutosha wote.

Ndipo alipokuja mtakwimu. Alikuwa dada mrefu, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, na alifika na kifuko cha kitambaa cheusi kilichojaa vifungo vya shati, nusu vyeupe na nusu vyeusi. Wodi nzima ikamwita Daktari Vifungo, ingawa alisema mara kadhaa kwamba yeye si daktari wa kutibu. Alimpenda mama tangu siku ya kwanza, na ilianza na habari ya sindano.

Mama alikuwa na imani yake ya siku nyingi. Sista Mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mkali aliyetembea kama anakwenda kufumania, akitia mguu chumba cha ushonaji, basi sindano ya cherehani huvunjika. Mama alimpa Daktari Vifungo habari hiyo kwa sauti ya chini. Mtakwimu hakucheka. Alivuta kiti akamwuliza kama Sista amewahi kuingia sindano isivunjike. Mama akakubali kwa shingo upande kwamba amewahi. Akamwuliza kama sindano huvunjika hata Sista asipokuwapo. Huvunjika. Kisha akamwuliza Sista huja siku gani hasa. Mama akafikiri, akasema Sista huja kufuatilia turubai za machela, kwa sababu machela zikipungua ni wodi yake inayolia kwanza.

“Na turubai ni kitambaa kizito,” Daktari Vifungo akasema. “Basi, mama, Sista hana kosa. Kitambaa kizito ndicho kinachovunja sindano, na hichohicho ndicho kinachomleta Sista. Ukiangalia Sista na sindano peke yao utadhani ni ndugu.”

Mama alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya shuka la wagonjwa. Tangu siku hiyo akaweka sindano nene siku za turubai, na akaanza kumsalimu Sista Mkuu vizuri, jambo lililomtia Sista wasiwasi mkubwa.

Somo la vifungo alilileta nyumbani. Aliweka mezani vifungo vyake mwenyewe ndani ya soksi ya mume wangu, vyeupe kwa vyeusi sawasawa, akaniambia nitoe kumi bila kuchungulia. Nikatoa saba vyeupe na vitatu vyeusi. Akaniuliza kama soksi imerogwa. Nikasema labda haijafuliwa. Akasema ndiyo hivyo sasa: vifungo vikiwa vichache, bahati hucheza nawe inavyotaka. Ukiona watoto wachache wenye mfuko wamepona kuliko wasio nao, huwezi kuruka ukasema ni mfuko. Lazima uwe na watoto wengi, halafu ujiulize: tuseme mfuko haufanyi kitu chochote, je, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hii? Kama ingeweza kwa urahisi, unanyamaza. Kama ingekuwa vigumu sana, hapo ndipo wataalamu husema uhusiano una maana. Mfuko aliuita kigeu, yaani kitu kinachoweza kubadilika, na kupona akakuita kigeu cha pili. Mume wangu akauliza kama bosi wake naye ni kigeu, kwa maana asubuhi husema hivi na jioni vile. Mama akamwambia ale anyamaze.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto akiletwa wodini, mtu atoe kifungo ndani ya kifuko cheusi. Kikiwa cheupe, mtoto alale katika mfuko wa joto. Kikiwa cheusi, alale kama kawaida, katika blanketi. Na aliyechaguliwa kutoa vifungo ni mama, kwa sababu aliijua mifuko kuliko mtu yeyote na wauguzi walikuwa na kazi juu ya kazi. Daktari Vifungo alimsisitizia jambo moja tu: mkono uchague, jicho lisichague. Mama akaitika. Alikuwa mtu wa kuitika upesi.

Katika miezi ile nilimwona mama akiwa na furaha kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Alirudi jioni na habari za watoto: huyu kafungua macho, yule kanyonya, mwingine kapigwa picha na baba yake aliyeogopa kumshika. Alisema watoto waliokuja hoi kabisa, wasioweza hata kulia, ndio hao wamelala mifukoni mwake kama wafalme. Tulimsikiliza tukafurahi naye. Hakuna aliyejiuliza kitu, wala mimi sikujiuliza.

Utafiti ulipokwisha waliitwa wote ukumbini. Daktari Vifungo alisimama, akapandisha miwani, akasema kwamba waliolala mifukoni walikufa sawa na waliolala katika blanketi, tena kwa idadi walizidi kidogo. Tofauti hiyo ndogo ingeweza kuletwa na bahati tu, kwa hiyo hakuna uhusiano wenye maana kati ya mfuko na kupona. Aliyasema kwa huzuni, nasikia, na hakumtazama mama. Mganga mkuu akashukuru watu kwa kazi. Kwa Sista Mkuu yale maneno ya kuzidi kidogo hayakupita bure. Alisema yeye katika wodi yake hataki kitu kisichojulikana kama kinadhuru. Nta ikarudishwa ilikotoka. Mifuko ikaletwa chumba cha ushonaji katika gunia, na mama akaambiwa aikate iwe vitambaa vya kufutia.

Hakuikata upesi. Alikaa na lile gunia miguuni siku nyingi akishona vitu vingine, na nyumbani akawa anakula kidogo na kulala mapema. Nilipomwuliza, alisema wasomi wameangalia tarakimu wakaacha kuangalia watoto. Alikuwa amewaona kwa macho yake wakipata rangi. Mimi nilimwambia yamekwisha, asiumie. Hatimaye Sista alipouliza vitambaa viko wapi, mama akachukua mkasi akaikata yote, mpaka wa mwisho.

Mimi nilikuwa na mimba wakati huo. Ilikuwa ya kwanza baada ya miaka ya kungoja na ya kuulizwa na mawifi kama tuna mpango gani. Nilijitunza. Mume wangu alininyang'anya hata ndoo. Lakini uchungu ulinishika kabla ya wakati wake, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji yachemke, na kufikia asubuhi mwanangu alikuwa ameshazaliwa katika hospitali ileile. Alikuwa mdogo. Sitasema ukubwa wake, maana kila nikisema, mtu hufungua kiganja chake kupima, nami siwezi kukiangalia kiganja kile. Alikuwa na nywele nyingi, na kidole gumba cha mguu kilichojitenga na wenzake kama cha baba yake.

Walimlaza katika blanketi kwenye kitanda kidogo cha wodi ya mwisho. Niliruhusiwa kuingiza mkono na kumgusa. Kila nilipomgusa miguu, miguu ilikuwa baridi. Nilisugua kwa vidole viwili ikapata joto, nikiacha inapoa tena.

Mama alikuja akamwangalia mjukuu wake mara moja tu, akageuka akamfuata Sista Mkuu. Nilikuwa nimelala chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Alimwomba amruhusu mfuko mmoja. Sista akasema haipo, imekatwa. Mama akasema atashona mwingine sasa hivi, na nta ataitafuta hata kwa mtengeneza mishumaa. Sista Mkuu yule, ambaye watu walimwogopa, hakumfokea. Alimshika mkono.

“Mama Pindo, huyu ni mjukuu wako, na mimi ni mwanamke kama wewe,” alisema. “Lakini utafiti umefanyika hapahapa na wewe ulikuwemo. Mfuko hausaidii. Nikikuruhusu na mtoto akapata tatizo, nitasema nini?”

Mama hakubishana. Hilo peke yake lingetosha kunijulisha hali yake, maana hajawahi kuacha ugomvi njiani. Alikwenda chumba cha ushonaji akafungua blanketi jipya akaanza kushona bila ruhusa. Baadaye aliniambia mpango wake: angemaliza, angeuleta chini ya khanga, na Sista akitaka kumfukuza kazi amfukuze. Mume wangu alikuwa amekwenda mjini kutafuta nta.

Mwanangu alikata roho kabla mfuko haujakwisha. Mimi nilikuwa nimeingiza mkono, nimeshika ile miguu. Walipokwenda kumwita mama walimkuta anakunja pindo la mwisho, la shingoni. Aliinuka, akaacha sindano imesimama ndani ya kitambaa.

Nyumbani watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Waliniambia mimi bado kijana, nitapata mwingine, na niliwachukia wote kwa zamu. Walipopungua alikuja Daktari Vifungo. Alikuwa amesikia habari huko alikohamia akafunga safari kuja kutoa pole. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, hajui aanzie wapi. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani, maziwa yamenivuja yakalowesha gauni, na sikujali nani ananiona.

Mama alimpa chai. Kisha akasimama mbele yake akiwa na birika mkononi na kumwaga yote aliyokuwa ameyameza. Alimwambia kwamba yeye hana elimu, lakini si kipofu. Kwamba mifuko ilikuwa na joto na watoto walikuwa na baridi, sasa mtu anahitaji hesabu gani tena? Kwamba mjukuu wake amekufa na miguu ya barafu kwa sababu ya vifungo. Daktari Vifungo alisikiliza ameinamisha kichwa, na hakujitetea.

“Tena mimi sikuitumia ovyo,” mama akasema. “Mtoto mwenye nguvu, hata akitoka na cheupe, nilikirudisha ndani. Nilimwekea mfuko yule aliye hoi. Hakuna mtoto aliyekuja anakaribia kufa akakosa mfuko mikononi mwangu. Sasa vipi hausaidii, na niliwapa wenye shida kuliko wote?”

Daktari Vifungo aliinua kichwa. Akaweka kikombe sakafuni. Alimwomba mama arudie, na mama akarudia, polepole zaidi, na safari hii nikamwona anaanza kuyasikia maneno yake mwenyewe. Mtakwimu akapandisha miwani. Alinitazama mimi kwanza, kana kwamba ananiomba radhi kwa atakalolisema.

“Mama,” akasema, “kitambaa kizito.”

Hakuhitaji kuendelea. Mama alikuwa fundi. Kila kitambaa kizito katika wodi ile alikuwa amekipeleka upande mmoja kwa mikono yake, vyepesi vyote akaviacha upande wa pili, halafu watu wakahesabu sindano zilizovunjika. Watoto waliokuwa wafe walilala mifukoni, na waliokuwa wapone walilala katika blanketi, na bado pande zote mbili zilikwenda karibu sawa. Hata mimi, na kichwa changu cha siku zile, nililiona. Mfuko ulikuwa umewabeba watoto dhaifu hadi ukawafikisha walipo wenye nguvu, au karibu yake. Daktari Vifungo alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kuthibitisha hivyo sasa, kwamba hesabu ile imeharibika na haiwezi kusema ndiyo wala hapana. Lakini alikuwa akilia huku anasema.

Mama aliketi chini. Birika lilikuwa bado mkononi. Alisema, si kwetu hasa, “Nimemnyima mimi.”

Nitasema ukweli wa moyo wangu. Sikumkimbilia. Sikumwambia mama hukukusudia. Nililala nikageukia ukutani na nikamchukia mama yangu mzazi, chuki safi isiyo na maneno, na iliendelea kwa muda. Nilikula chakula alichopika na sikumshukuru. Mume wangu alikwenda huku na huku kati yetu akibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Asubuhi moja mama alipiga pasi gauni lake jeupe la kazi mara mbili, akalivaa, akaenda kwa mganga mkuu pamoja na Daktari Vifungo. Aliwaeleza wote, Sista Mkuu akiwapo. Hawakumfukuza. Nadhani angependa wamfukuze. Sista Mkuu alitoka nje ya ofisi akasimama uani kwa muda mrefu, kwa sababu na yeye alikuwa na lake la kubeba. Wakakubaliana utafiti urudiwe upya, na safari hii anayetoa kifungo asiwe wodini kabisa, asimwone mtoto, asijue kama ni dhaifu au ana nguvu.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nyumba ilikuwa imenishinda. Kila kona ilikuwa na kitu tulichomnunulia. Nilikuwa najua kushona tangu utotoni, nikaomba cherehani ya pili, ile ya umeme. Daktari Vifungo aliniuliza kama nitaweza kutoa vifungo, na nikamjibu kwamba mimi sina huruma tena, basi ninafaa. Wakafunga simu ukutani kwenye chumba cha ushonaji. Simu ikilia, natia mkono katika kifuko cheusi, natoa, nataja rangi, nakata. Mama alikuwa akishona mifuko upande wa pili wa chumba na hakugeuka nilipotaja. Tulikuwa tukisemeshana kuhusu uzi na mkasi tu.

Siku moja simu ililia na muuguzi aliyepiga alikuwa mgeni wa kazi. Alitakiwa aseme mtoto amekuja, basi. Lakini alikuwa na hofu, akasema yote: huyu ni mdogo sana, dada, hata kulia hajalia, mama yake anapiga kelele huku. Sauti ilitoka kwenye simu ikajaa chumba chote. Cherehani ya mama ikanyamaza. Aliinuka na mfuko mpya aliokuwa amemaliza, ameukumbatia. Nikatia mkono ndani ya kifuko, nikatoa. Kilikuwa cheusi.

“Rudisha,” mama akasema.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa kama siku ile alipomfuata Sista. Nikakisikia kifungo kiganjani, kidogo, laini, na muuguzi akiuliza kama nipo. Wallahi, nilitaka kukirudisha. Hapo ndipo nilipomwelewa mama kwa mara ya kwanza, na uchungu wa kumwelewa ulizidi ule wa kumchukia.

“Mama, sirudishi,” nikasema. “Nikirudisha, wangu atakuwa amekufa bure.”

Nikataja cheusi, nikakata simu. Mama alirudi akaketi na ule mfuko mapajani, na hatukushona tena siku hiyo. Nilikwenda nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake, naye akaanza kunifunua pindo la sketi, kuangalia kama halijafumuka. Mtoto yule sikuuliza aliishiaje. Mpaka leo sijui.

Wakati ulipofika tukaitwa ukumbini tena. Daktari Vifungo alisema kwamba safari hii waliolala mifukoni walipona kwa wingi kuliko wenzao, na kwamba tofauti ni kubwa mno. Kama mfuko haufanyi kitu, bahati peke yake ingeileta kwa nadra sana. Uhusiano una maana. Watu walipiga makofi. Sista Mkuu alipiga makofi amefumba macho. Mama hakupiga, mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani kama ya mtu anayesubiri kuitwa.

Nilimfuata Daktari Vifungo mlangoni. Nilikuwa na swali moja nililokuwa nimelibeba muda wote huo, na alijua ni lipi kabla sijaliuliza. Je, wangu angepona?

“Sijui, dada,” alisema. “Ningekuwa najua ningekwambia, hata kama ni baya. Hesabu hii inajua habari za watoto wengi kwa pamoja. Ya mmoja haijui.”

Nilimshukuru, na nilikuwa namaanisha. Lakini nilirudi chumba cha ushonaji nikiwa mzito, kwa sababu nilikuwa nimejidanganya kwamba jibu lipo mahali fulani na siku moja nitapewa.

Mama alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amefungua droo ya chini kabisa, ile tusiyoigusa, akatoa mfuko mmoja wa blanketi la zamani kidogo. Sindano ilikuwa bado imesimama katika pindo la shingoni, imeota kutu ikaacha doa la kahawia.  Aliichomoa, akaitupa, akatia uzi katika sindano mpya, akamalizia pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo ule anaowashonea watu anaowapenda. Alipofika kwenye doa alilikunja kwa ndani. Kisha akakata uzi kwa meno, akaukunja mfuko akanipa.

“Peleka wodini,” akasema. “Wana mtoto mpya, simu imelia sasa hivi. Hakuna haja ya kifungo tena.”

Niliupeleka mwenyewe. Sista Mkuu aliupokea, akaupitisha kidole shingoni, akanitazama, akajua ni upi.  Akaweka nta mahali pake akamwingiza mtoto, wa kike, mdogo, asiye na nywele, akamfunika kofia. Nilisimama nikasubiri mpaka akaondoka kwenda kwa wengine. Halafu nikafungua kidogo kwa mbele, nikaingiza mkono, nikamshika miguu. Ilikuwa inaanza kupata joto.